Chuki dhidi ya Wayahudi katika mpira wa miguu

Chuki dhidi ya Wayahudi katika mpira wa miguu ni nyimbo, matusi, ishara, maandishi na mashambulizi yanayowalenga Wayahudi, au watu wanaodhaniwa kuwa Wayahudi, viwanjani, njiani kwenda viwanjani, kwenye baa na katika mitandao ya kijamii. Habari zake nyingi zinatoka Ulaya, hasa Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Italia na Hungaria.

Ubaguzi dhidi ya wachezaji weusi, ambao msomaji wa Afrika ameuona mara nyingi kwenye televisheni, humlenga mchezaji anayeonekana uwanjani. Chuki hii kwa kawaida haimlengi mchezaji. Hulenga klabu nzima iliyopewa sifa ya kuwa "klabu ya Wayahudi", ingawa karibu wachezaji wake wote na mashabiki wake wengi si Wayahudi. Kwa sababu hiyo wanaoimba hudai kwamba hawamtukani Myahudi yeyote, wanawatania wapinzani tu. Lakini Wayahudi wapo majukwaani, upande wa timu zote mbili, na wao ndio wanaosikia vifo vya babu na bibi zao vikigeuzwa kibwagizo. Utafiti kuhusu jambo hili unajaribu kujua wimbo unaosemekana haumlengi mtu unamfikia nani, na unamfanya nini.

Utani na mpaka wake

Msomaji wa Tanzania anaujua utani wa jadi. Shabiki wa Yanga huitwa chura, shabiki wa Simba huitwa mkia, na timu ikifungwa Jumapili mwenye timu hiyo huenda kazini Jumatatu kimyakimya. Utani huo huishia kwenye matokeo ya mechi. Haumgusi mtu kwa kabila lake, wala haumkumbushi msiba.

Nyimbo zinazozungumziwa hapa ni za namna nyingine. Kati ya mwaka 1941 na 1945 utawala wa Wanazi wa Ujerumani pamoja na washirika wake waliwaua Wayahudi takriban milioni 6, wengi kwa risasi na kwa gesi ya sumu. Majina ya kambi za mauaji, kama Auschwitz, yameingizwa katika nyimbo za mpira. Kuna pia sauti ambayo haina hata neno moja: maelfu ya watu kwa pamoja hutoa "sss" ndefu kati ya meno, wakiiga gesi inavyofuka kutoka bombani. Mgeni anayetazama kwenye televisheni anaweza kudhani ni kelele za kuzomea tu. Myahudi aliyekaa katikati yake anajua maana yake tangu sekunde ya kwanza.

Kabla ya mwaka 1945

Wayahudi walikuwa miongoni mwa waliojenga soka la Ulaya ya Kati. Klabu ya Hakoah ya Vienna, ambayo jina lake kwa Kiebrania lina maana ya nguvu, iliundwa mwaka 1909 kwa sababu klabu nyingi za Austria hazikuwapokea Wayahudi. Mwaka 1923 iliifunga West Ham United mabao 5-0 jijini London, na mwaka 1925 ikawa bingwa wa Austria. Ujerumani ilipoitwaa Austria mwaka 1938, klabu ilifungwa na matokeo yake ya msimu yakafutwa.

Aliyewahi kuichezea Hakoah ni Béla Guttmann, Myahudi wa Hungaria. Alinusurika vita kwa kujificha na kwa kutoroka kambi ya kazi za lazima, akawapoteza ndugu zake, kisha akawa kocha wa Benfica ya Ureno iliyotwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1961 na 1962. Ni chini yake Benfica ilimpokea kijana kutoka Msumbiji aliyeitwa Eusébio. Wapenzi wengi wa soka huku kwetu wanamjua Eusébio bila kujua historia ya kocha aliyemkuza.

Nchini Ujerumani, miezi michache tu baada ya Hitler kuingia madarakani mwaka 1933, klabu kubwa za kusini zilitangaza kwa hiari yao kwamba zitashirikiana na serikali mpya kuwaondoa Wayahudi. Kurt Landauer, rais wa Bayern München, alikuwa tayari amejiuzulu mwezi Machi. Mwaka 1938 alifungwa katika kambi ya Dachau, mwaka uliofuata akakimbilia Uswisi, na baada ya vita akarudi kuiongoza klabu ileile. Julius Hirsch hakurudi. Alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Ujerumani mara 7, na mwaka 1943 alipelekwa Auschwitz. Tangu mwaka 2005 shirikisho la soka la Ujerumani hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanaopinga ubaguzi.

Árpád Weisz, kocha kutoka Hungaria aliyeipa Inter ubingwa wa Italia mwaka 1930 na Bologna mwaka 1936 na 1937, alifukuzwa nchini humo kwa sheria za kibaguzi za mwaka 1938. Alikimbilia Uholanzi. Mke wake na watoto wao wawili waliuawa Auschwitz, naye akafia huko Januari 1944. Ajax ya Amsterdam ilimpoteza Eddy Hamel, winga mzaliwa wa Marekani aliyeichezea katika miaka ya 1920. Aliuawa Auschwitz mwaka 1943.

Majina haya yanahitajika ili kuelewa yanayofuata, kwa sababu mashabiki wa leo wanaoimba kuhusu gesi wanaimba, wajue wasijue, kuhusu wachezaji na makocha wa mpira.

Tottenham na jina la "Yid"

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni Tottenham Hotspur ya kaskazini mwa London. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Wayahudi wengi waliokuwa wamehamia London kutoka Ulaya ya Mashariki waliifuata klabu hii, kwa kuwa uwanja wake ulifikika kwa urahisi kutoka mitaa yao. Arsenal, jirani na mpinzani wake, nayo ina mashabiki wengi Wayahudi, jambo linalosahauliwa. Desemba 1935 England ilicheza na Ujerumani katika uwanja wa Tottenham, White Hart Lane, na bendera yenye swastika ikapandishwa juu ya uwanja huku Wayahudi wa jiji wakipinga mechi hiyo.

Neno "Yid" linatokana na lugha ya Kiyidi, ambamo lina maana ya Myahudi tu, bila ubaya. Katika Kiingereza likawa tusi. Katika miaka ya 1930 wafuasi wa chama cha kifashisti cha Uingereza walilitumia katika mitaa ya mashariki mwa London. Miaka ya 1960 na 1970 mashabiki wa timu nyingine walianza kuwaita mashabiki wote wa Tottenham kwa neno hilo. Badala ya kulikataa, mashabiki wa Tottenham, wengi wao wasio Wayahudi, walilichukua na kujiita "Yid Army", yaani jeshi la Wayahudi. Hoja yao ilikuwa kwamba tusi likibebwa na anayetukanwa linapoteza makali.

Hoja hiyo ina nguvu yake. Wayahudi kadhaa wa Tottenham wameeleza kwamba walijisikia kulindwa siku ile jukwaa zima lilipojiita kwa jina lao mbele ya wanaowachukia. Udhaifu wake ni kwamba anayelichukua tusi kwa kawaida huwa ni yule linalomhusu, na hapa wengi wa waliolichukua halikuwa lao. Pia halikukomesha chochote. Upande wa pili ulipata sababu ya kuendelea: wanajiita wenyewe, kwa nini sisi tusiwaite?

Mwaka 2011 mchekeshaji na mwandishi David Baddiel, Myahudi na shabiki wa Chelsea, alitengeneza filamu fupi pamoja na ndugu yake Ivor kupinga matumizi ya neno hilo. Kilichowasukuma ni yale waliyoyasikia katika jukwaa lao wenyewe la Chelsea, ambako tusi dhidi ya "Yid" liligeuka bila kificho kuwa tusi dhidi ya Wayahudi, na watu waliowazunguka wakanyamaza. Tangu hapo Baddiel ameshikilia kwamba neno lile ndani ya uwanja huwafungulia mlango wenye chuki ya kweli.

Novemba 2012 ilionyesha wazi yaliyo upande wa pili wa mlango huo. Mashabiki wa Tottenham waliokwenda Roma kwa mechi dhidi ya Lazio walivamiwa usiku katika baa ya eneo la Campo de' Fiori. Watu wapatao 10 walijeruhiwa, mmoja wao vibaya kwa kisu. Siku chache baadaye, West Ham ilipokwenda White Hart Lane, sehemu ya mashabiki wake waliimba kuhusu Hitler, wakatoa sauti ya gesi na kushangilia shambulio la Roma. Februari 2013 mashabiki wa Tottenham walishambuliwa tena katika baa jijini Lyon, Ufaransa.

Mwaka 2013 chama cha soka cha England kilionya kwamba anayetumia neno hilo, hata akiwa shabiki wa Tottenham, anaweza kushtakiwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alipinga, akisema kuna tofauti kati ya anayejiita na anayetukana. Mashabiki watatu wa Tottenham walishtakiwa, lakini Machi 2014 waendesha mashtaka wakayafuta mashtaka hayo.

Klabu yenyewe iliamua kuwauliza mashabiki wake. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2019 yalitokana na majibu zaidi ya 23,000. Asilimia 33 walisema hulitumia neno hilo mara kwa mara katika mambo ya mpira, asilimia 94 walikiri kwamba linaweza kuwa tusi la kibaguzi kwa Myahudi, na karibu nusu walitaka litumike kidogo au liachwe kabisa. Miongoni mwa wasiolitumia, asilimia 18 waliliona kuwa la kuudhi. Kwa Wayahudi idadi hiyo ilipanda hadi 35. Februari 2022 klabu iliwaomba mashabiki waliache, bila kuwatisha kwa adhabu. Bado husikika.

Ajax na nchi za jirani

Hali ya Ajax inafanana, ila kivuli cha vita ni kizito zaidi. Kabla ya vita Amsterdam ilikuwa na Wayahudi wapatao 80,000. Takriban robo tatu ya Wayahudi wote wa Uholanzi waliuawa. Mashabiki wa Ajax, nao wengi wao si Wayahudi, walijiita "Joden", wakapeperusha nyota ya Daudi na bendera za Israeli. Wapinzani wao, hasa wa Feyenoord ya Rotterdam na ADO ya Den Haag, walijibu kwa nyimbo za gesi na za kuwawinda Wayahudi. Mwaka 2011, baada ya ADO kuifunga Ajax, hata mchezaji wa ADO, Lex Immers, alirekodiwa akiimba wimbo kama huo pamoja na mashabiki, akafungiwa mechi kadhaa. Nchini Hungaria mambo kama hayo huwapata MTK ya Budapest, klabu iliyokuwa na viongozi na mashabiki wengi Wayahudi zamani.

Aliyeichambua Ajax kwa kina ni mwandishi Simon Kuper, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu klabu hiyo, Waholanzi na vita. Kuper alizaliwa Uganda mwaka 1969 kwa wazazi kutoka Afrika Kusini, akakulia Uholanzi. Aliwakuta Waholanzi wakipenda kusimulia ushujaa wa waliowaficha Wayahudi kuliko kueleza jinsi wengi walivyochukuliwa mbele ya macho ya majirani na wanachama wenzao wa klabu.

Picha ya Anne Frank

Oktoba 2017 jukwaa la wafuasi sugu wa Lazio lilikuwa limefungwa kwa sababu ya nyimbo za kibaguzi, wakaruhusiwa kukaa upande ambao kwa kawaida hukaliwa na mashabiki wa Roma. Walipoondoka waliacha vibandiko vyenye picha ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara mafichoni Amsterdam na kufia kambini mwaka 1945. Walikuwa wamemvisha jezi ya Roma. Kwao kumwita mpinzani Myahudi kulitosha kuwa tusi, na mtoto aliyeuawa alitosha kuwa kifaa.

Mechi za wiki hiyo nchini Italia zilianza kwa kusomwa sehemu ya shajara yake, na wachezaji wa Lazio walivaa fulana zenye sura yake. Rais wa klabu alipeleka shada la maua kwenye sinagogi la Roma, likaja kuonekana limetupwa mtoni Tiber. Januari 2018 Lazio ilitozwa faini ya euro 50,000. Kwa klabu ya ligi kuu ya Italia kiasi hicho ni kama chenji ya daladala.

Athari kwa mashabiki Wayahudi

Athari ya kwanza ni kujificha. Mtu huvua kofia yake ndogo ya Kiyahudi au kuuficha mkufu wenye nyota ya Daudi kabla ya kuingia uwanjani, au hubadilisha njia ya kwenda kwenye treni. Novemba 2021, katika ndege iliyowabeba mashabiki wa West Ham waliokuwa wakielekea kwenye mechi dhidi ya Genk ya Ubelgiji, klabu ambayo Watanzania wanaijua kwa sababu ya Mbwana Samatta, Myahudi wa madhehebu yenye mavazi ya pekee aliimbiwa wimbo wa kumkejeli alipokuwa akipita kwenda kwenye kiti chake. Hakuwa mchezaji, wala hakuhitaji kuwa shabiki wa Tottenham. Alikuwa abiria, na mavazi yake yalitosha. West Ham ililaani kitendo hicho, lakini tayari lile dai kwamba nyimbo hizi hazimhusu Myahudi halisi lilikuwa limejibiwa.

Ya pili ni upweke ndani ya kundi lako mwenyewe. Shabiki Myahudi wa Tottenham anaweza kuyachukua matusi ya wapinzani kama sehemu ya vita ya uwanjani. Lakini yule wa Chelsea, West Ham au Feyenoord anayasikia kutoka kwa watu aliosafiri nao, aliokumbatiana nao timu ilipofunga. Akinyamaza anajiona msaliti wa wazazi wake; akisema anaambiwa hajui utani. Wapo wanaobaki na kujizoeza kutosikia. Wapo wanaoacha kwenda na kutazama nyumbani. Wapo wanaoacha kuwapeleka watoto, maana mtoto atauliza ile "sss" ni nini, na jibu lake si la kumpa mtoto wa miaka 8.

Ya tatu ni kugawanyika kwa Wayahudi wenyewe. Mezani pa familia moja baba anaweza kujiita "Yid" kwa fahari huku binti yake akilichukia neno hilo. Katika nchi ambako Wayahudi ni wachache, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu takriban 271,000 katika England na Wales, mgawanyiko huo huwafanya viongozi wa soka waseme: wenyewe hawajakubaliana, sisi tufanye nini?

Athari haziishii kwa watazamaji. Nchini Ujerumani watafiti wa Chuo Kikuu cha Frankfurt waliwahoji wanachama wa klabu za Makkabi, ambazo zina asili ya Kiyahudi lakini huwapokea watu wote, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Asilimia 39 ya waliojibu walisema wamewahi kukutana na chuki dhidi ya Wayahudi wakiwa katika shughuli za klabu. Kwa wachezaji wa mpira wa miguu peke yao ilikuwa asilimia 68. Baadhi yao si Wayahudi; walitukanwa kwa sababu ya jezi.

Jinsi jambo hili linavyochunguzwa

Wanahistoria huchimba kumbukumbu za klabu na orodha za wanachama waliofukuzwa. Wanasosholojia hufanya usaili, hujaza madodoso na hukaa majukwaani wakisikiliza. Emma Poulton wa Chuo Kikuu cha Durham ni mmoja wa waliochunguza kwa muda mrefu maana mbalimbali za "Yid" katika soka la Uingereza. Huonyesha kwamba neno hilohilo hubadilika kufuatana na anayelitamka, anayelisikia na nia iliyopo. Nchini Uingereza shirika la Community Security Trust hukusanya taarifa za matukio dhidi ya Wayahudi, na Kick It Out hupokea malalamiko ya ubaguzi katika soka.

Ugumu wa kwanza wa takwimu hizi ni kwamba huhesabu yaliyoripotiwa. Shabiki aliyezoea haripoti. Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi: dodoso linalopelekwa kwa wenye tiketi za msimu haliwezi kumfikia aliyeacha kununua tiketi, na huyo ndiye aliyeathirika zaidi. Kwa hiyo asilimia 35 ya Tottenham isomwe kwa uangalifu. Ni ya waliobaki.

Tatu, dodoso lenye swali la ndiyo au hapana haliwezi kubeba jibu la mtu anayesema "nikiwa jukwaani silijali, nikilisikia mtaani natetemeka". Ndiyo maana usaili wa ana kwa ana, ingawa huwafikia wachache, umeeleza mengi kuliko hesabu.

Israeli, Gaza na soka

Tangu shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita iliyofuata Gaza, mpaka kati ya siasa na chuki umekuwa mgumu zaidi kuuchora. Fasili iliyopitishwa mwaka 2016 na muungano wa nchi kwa ajili ya kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi, na ambayo Ligi Kuu ya Uingereza iliikubali mwaka 2020, inasema kwamba kuikosoa Israeli kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa si chuki dhidi ya Wayahudi. Wakosoaji wake wanasema baadhi ya mifano iliyomo hutumika kuwanyamazisha wanaowatetea Wapalestina. Jambo moja halina utata: shabiki Myahudi wa London au Berlin hawajibiki kwa maamuzi ya serikali ya Israeli, kama vile Mwarabu wa Amsterdam asivyowajibika kwa Hamas.

Tarehe 7 Novemba 2024 Ajax iliifunga Maccabi Tel Aviv mabao 5-0 jijini Amsterdam. Kabla ya mechi baadhi ya mashabiki wa Maccabi walikuwa wameshusha bendera ya Palestina, wameshambulia teksi na kuimba nyimbo za kuwatukana Waarabu. Usiku baada ya mechi vikundi vya vijana, baadhi wakiitana kwa ujumbe wa simu uliotaja uwindaji wa Wayahudi, viliwafukuza na kuwapiga Waisraeli mitaani. Watu 5 walipelekwa hospitali na zaidi ya 60 walikamatwa. Desemba mahakama iliwatia hatiani wanaume 5, adhabu kubwa ikiwa kifungo cha miezi 6. Anayesimulia nusu moja tu ya usiku ule anapotosha. Wala ya kwanza haihalalishi ya pili, maana waliofukuzwa hawakuulizwa kama ni wao walioimba.

Mwaka mmoja baadaye, mashabiki wa Maccabi walizuiwa kuhudhuria mechi ya Aston Villa jijini Birmingham ya tarehe 6 Novemba 2025, kwa ushauri wa polisi. Waziri Mkuu Keir Starmer alipinga uamuzi huo. Baadaye iligundulika kwamba taarifa ya polisi ilitaja mechi kati ya Maccabi na West Ham ambayo haikuwahi kuchezwa, kosa lililotokana na programu ya akili mnemba, na Januari 2026 mkuu wa polisi wa eneo hilo alistaafu.

Adhabu na elimu

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu makosa ya mpira inafanya nyimbo za kibaguzi uwanjani kuwa jinai, na mahakama inaweza kumzuia mtu kuhudhuria mechi kwa miaka. Mwaka 2021 shabiki wa Chelsea alifungwa wiki 8 kwa ujumbe aliouandika mtandaoni dhidi ya mashabiki wa Tottenham. Wachezaji na wamiliki nao wameadhibiwa. Nicolas Anelka alifungiwa mechi 5 na kutozwa faini ya pauni 80,000 kwa ishara ya mkono aliyoionyesha Desemba 2013. Dave Whelan, mmiliki wa Wigan, alifungiwa wiki 6 mwaka 2014 kwa maneno yake kuhusu Wayahudi na fedha.

Adhabu humpata mmoja mmoja, wakati wimbo huimbwa na elfu. Chelsea, ambayo mmiliki wake wa wakati huo Roman Abramovich ni Myahudi, ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya kupinga chuki hii, ikawapeleka mashabiki na wafanyakazi Auschwitz na kutangaza kwamba baadhi ya wakosaji wangepewa nafasi ya kujifunza badala ya kufungiwa tu. Desemba mwaka huohuo mashabiki wake waliimba tena, safari hii jijini Budapest.

Feyenoord, ikishirikiana na taasisi ya Nyumba ya Anne Frank, huwakutanisha vijana waliofungiwa na Wayahudi ambao nao ni mashabiki wa Feyenoord, na kuwaonyesha mahali ambapo Wayahudi wa Rotterdam walikusanywa kabla ya kusafirishwa. Mpango huu una akili kuliko mabango ya "hapana kwa ubaguzi". Kijana aliyezoea kudhani kwamba Myahudi ni shabiki wa Ajax anamkuta mzee aliyeshangilia mabao yaleyale aliyoyashangilia yeye.

Afrika Mashariki

Jumuiya za Wayahudi katika Afrika Mashariki ni ndogo. Nairobi ina sinagogi lililojengwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1910. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoigeukia mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na baada ya kuanguka kwake mwaka 1979 walibaki mia chache kabla ya kuongezeka tena.

Soka ya Ulaya, hata hivyo, huingia kila kijiji. Mkenya Victor Wanyama aliichezea Tottenham kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alijiunga na Aston Villa Januari 2020. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira vya Himo, Moshi na kwingineko nyimbo za majukwaa ya London husikika bila tafsiri, na watangazaji wetu wa Kiswahili kwa kawaida huongea juu yake. Vijana wanaojiita kwa majina ya mashabiki wa Ulaya katika makundi yao ya simu huyachukua kama yalivyo, "Yid Army" likiwa mojawapo.